Mkono Juu ya Kioo

Majina ya watu siyaandiki hapa, ingawa nayajua yote, hata ya wale tuliopakana nao mlango kwa mlango tulipohamia mtaa wa Munyaka. Nayataja Jumapili tu, mbele ya televisheni.

Magoti yaliponikatalia kutembea hadi kanisani, nilianza kuomba na mchungaji wa kwenye televisheni. Wiki nzima naifunika kwa kitambaa nilichofuma mwenyewe. Jumapili naondoa kitambaa, napangusa kioo, navaa kilemba kama mtu anayetoka. Mwisho wa ibada mchungaji husema, "Weka mkono wako kwenye kioo. Mtaje mgonjwa wako kwa jina." Halafu ananyamaza. Hapo ndipo kazi yangu inaanza. Nataja upesi upesi, kwa sababu wagonjwa wangu ni wengi na yeye hanyamazi sana.

Mwaka jana wa kwanza kutajwa alikuwa mdogo wangu, anayekaa Moi's Bridge. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, daktari akasema apasuliwe. Alikataa mara mbili. Mwishowe akaniambia kwa simu, "Dada, nitaenda, lakini kwanza tuombe pamoja na huyo mchungaji wako. Wewe weka mkono huko, mimi huku." Tukafanya hivyo Jumapili nne, simu nikiiweka kando ya televisheni ili asikie ibada na sauti yangu. Akakubali kwenda hospitali Jumanne.

Jumapili hiyo ya nne, tukiwa karibu kusema amina, nilimwona kwenye televisheni mama mmoja wa kilemba cha njano, mstari wa mbele. Alipiga chafya, akatafuta hankachifu kwa mkoba, akaikosa, akajipangusa na leso aliyojifunga kiunoni. Nikashtuka. Mimi sisahau mtu, na huyu nilikuwa nimemwona akijipangusa hivyo hivyo.

Tulipomaliza na kuagana, nikamwita mke wa mwanangu, aliyekuwa jikoni akikata sukuma wiki.

"Mbona kuna mama hapa anapiga chafya ile ile kila Jumapili?"

Akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Mama, hiyo ni marudio. Hiyo ibada walirekodi kitambo. Ulifikiri wako hapo saa hii?"

"Sasa mimi nimekuwa nikiomba na nani?"

"Si na Mungu?" Akarudi kwa mboga zake.

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Kama mchungaji aliomba kitambo, wakati mdogo wangu bado anaona vizuri, basi yale yalikuwa maombi ya wagonjwa wengine. Nikimwambia, Jumanne hatoki nyumbani. Nisipomwambia, nampeleka kwenye kisu cha daktari kwa uongo. Nikapiga simu.

"Mdogo wangu, kuna neno. Ile ibada si ya leo. Ni ya zamani, wanairudia tu."

Akaniuliza, "Ni chafya, sivyo?"

"Wewe umeionaje chafya, na macho hayo?"

"Sioni, lakini masikio ninayo. Huyo mama anapiga chafya kama mbuzi, kila mara mchungaji akinyamaza. Nilijua tangu Jumapili ya pili."

"Na ukanyamaza! Umeniacha nipapase kioo kama mjinga!"

"Ningekuambia, ungezima." Sauti yake ikashuka. "Dada, huyo mchungaji mimi simjui. Nilitaka kukusikia wewe ukitaja jina langu. Unalitaja lote, hadi lile nililopewa na nyanya yetu. Hilo sasa hakuna mwingine anayelijua. Nikiingia kule ndani, nataka niwe nimelisikia."

Nikaiweka simu kando kama kawaida, nikafunika televisheni na kitambaa chake. Sikujua niweke mkono wapi, nikaushika kwa huo mwingine.

"Haya, taja basi," akasema. "Na usikimbie leo."

Nikalitaja lote, kutoka lile la kubatizwa hadi la nyanya, polepole, kisha nikalirudia. Jumanne akaenda.