Uliza Kama Mashine Inawaka

Naiona bado, mwanangu, siku baba yangu alipoanguka kutoka kwenye behewa pale stesheni ya Kolwezi. Mgodi ulikuwa umeporomoka, kazi zimekwisha, na sisi wenye asili ya Kasai, jimbo jingine la Kongo, tumeambiwa na wenyeji wa Katanga turudi kwetu. Kwetu wapi? Mimi nilizaliwa Kolwezi. Kasai niliisikia tu katika maongezi ya wazee. Tulilala stesheni juu ya mizigo, pamoja na familia nyingine, tukingoja treni. Ilipofika watu walisukumana, baba akatupwa chini kutoka mlangoni mwa behewa, mguu ukavimba papo hapo.

Wengine walisema ameteguka tu, apande hivyohivyo. Mama akakataa. Tukamkokota hadi hospitali, vijana wakituzomea njia nzima.

Chumba cha radio, ndivyo tunavyoziita huku picha za mifupa, kilikuwa cha Tata Kaumba, yaani Mzee Kaumba, naye alikuwa Mkatanga. Muuguzi mmoja alimnong'oneza asihangaike na watu wanaoondoka. Tata Kaumba akanivisha aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia miale ya mashine, akaniambia nimshike baba mabega.

"Mi niko na filme moya tu," alisema. "Tata, usitingishike. Ukitingishika, hakuna ingine."

Baba akauma meno. Picha ilipotoka, mfupa ulionekana umepasuka chini ya goti. Akafungwa plasta, na mguu huo ulimtembeza mpaka uzeeni. Plasta ikiwa inakauka, nilimwambia Tata Kaumba kwamba nataka kuijua kazi yake. Hakucheka.

"Basi usiingie kila shule yenye kuandika radiologie ku mulango. Uliza kwanza: mashini inawaka? Banafunzi banaishikaka na mikono? Na fizike, usiikimbie."

Tulipofika Kasai kwa treni nyingine tulipokelewa na shangazi, akanitafutia chuo cha jirani. Nilikwenda kukiona. Chumba cha mashine kilikuwa kimegeuzwa ghala la mahindi. Nikarudi nikasema hapana.

"Mkimbizi naye anachagua?" shangazi aliuliza kwa Kiluba chake. "Tena hiyo miale itakuunguza tumbo, hutazaa."

"Kuna aproni, shangazi, na kuna ukuta wa kusimama nyuma yake. Hayo ndiyo ninayokwenda kufundishwa."

Baba, mguu ungali kwenye plasta, akasema, "Mwacheni aende."

Nikaenda mbali, kwenye chuo chenye hospitali yake. Mwaka wa kwanza fizikia iliniangusha, nikaurudia. Umeme ulipokatika tulijifunza mifupa kwa kupapasana mikono na mbavu, tukicheka. Hali ilipotulia nilirudi Kolwezi na diploma yangu, nikawapiga picha wachimbaji na watoto wao. Huenda walikuwamo waliotuzomea. Sikuwauliza.

Sasa ni zamu yako, mwanangu. Usichague chuo kwa sababu ukuta wake umepakwa rangi, wala kwa sababu rafiki yako yuko huko. Nenda mwenyewe, omba ufunguliwe chumba cha mashine. Watafute waliomaliza, uwaulize kama wamepata kazi na kama serikali inaitambua diploma yao. Jibu likiwa baya, geuka, hata ukipoteza mwaka. Ukishaingia, jikinge na miale, mkinge mgonjwa pia, na usimwulize anatoka wapi kabla ya kumwuliza anaumwa wapi.

Mungu akutangulie njiani. Akupe jicho la kuuona ufa ambao wengine wameupita, na kila atakayelala mbele yako ainuke akiwa na tumaini.