Kitabu Alichopewa Mzee Ilmari

Tuulikki Rautio alikuwa mkutubi wa mji mdogo huko Kainuu, kaskazini mwa Ufini, na kwa miaka mingi aliamini kwamba kazi yake ni kuwapa watu vitabu. Maktaba ile iliazimisha pia cherehani, viatu vya kuteleza kwenye barafu, na mashine ya kutobolea ukuta ambayo haikukaa rafuni hata wiki. Lakini mtu akimuuliza anafanya kazi gani, hujibu, "Nagawa vitabu," yakaisha.

Majira ya baridi ya mwaka mmoja halmashauri iliamua kwamba sehemu ya maktaba ipishe chumba cha mazoezi ya viungo kwa wazee. Rafu zipunguzwe, na kitabu ambacho hakijaazimwa kwa miaka mitano kitoke. Tuulikki hakulalamika. Shamba lisilopaliliwa huota magugu, na maktaba ni hivyo hivyo. Alipita akisukuma kitoroli, akitoa kimoja kimoja na kukifuta vumbi. Mwenzake Henriikka, kijana mwepesi wa ulimi, alimtania kwamba anavishika kama anayeaga maiti.

"Cheka tu," Tuulikki alimwambia. "Na wewe utazeeka, tuone nani atakuazima."

Ndipo akafika kwenye kitabu kinene cha ndege wa mabwawani. Kwenye kompyuta kilikuwa kitabu mfu, hakijatoka nje miaka nenda miaka rudi. Lakini Tuulikki alijua kinasomwa. Kila asubuhi milango ikifunguliwa, Mzee Ilmari Karppinen, mjane aliyekata magogo maisha yake yote, aliingia akikung'uta theluji viatuni, akatundika kofia, akaketi karibu na dirisha na kitabu kile mapajani, hasa kwenye kurasa za korongo. Kukiazima hakukiazima hata mara moja.

Tuulikki angeweza kukitetea kitabu kibaki. Akaona liko jambo zuri kuliko hilo. Alikigonga muhuri wa kuondolewa, akampelekea mzee pale alipoketi.

"Mzee Ilmari, hiki sasa ni chako. Nenda nacho nyumbani ukasome kwa raha zako."

Mzee alikigeuza, akautazama muhuri. "Nyumbani," alisema.

"Ndiyo. Huna haja tena ya kuhangaika kuja huku na baridi hii."

Mzee alishukuru kwa neno moja, kama ilivyo desturi ya watu wa kule, akavaa kofia akaondoka, na asubuhi ilikuwa bado mbichi. Tuulikki alishinda siku nzima moyo wake mweupe.

Kesho yake mzee hakuja. Wala keshokutwa. Tuulikki alijiambia yuko kwake anasoma. Wiki zikapita, hata Henriikka akauliza kwa sauti ya chini kama yule mzee bado yu hai. Sasa, kule mtu hamvamii mwenzake nyumbani. Unaweza kukaa jirani na mtu miaka mingi ukamjua kwa moshi wa dohani yake tu. Tuulikki alisitasita. Jumamosi moja, maktaba ilipofungwa, alinunua mikate mitamu ya iliki akaenda.

Moshi ulikuwa unatoka. Mzee alimfungulia akiwa na soksi zake za sufu, hakuonyesha kushangaa, akateleka kahawa. Kitabu kilikuwa juu ya friji, chini ya magazeti. Tuulikki alimuuliza amefika wapi.

"Sijakifungua."

"Kwa nini, mzee? Si ulikuwa unakipenda?"

Mzee alimimina kahawa pole pole. "Binti, mtu akikukabidhi mzigo wako, akakwambia usihangaike tena kuja, wewe ungeelewaje?"

Uso ulimwiva Tuulikki. Alisema hakukusudia kumfukuza. Alidhani anakuja kwa ajili ya kitabu.

"Korongo niliwamaliza zamani," mzee alisema. "Pale nakaa kimya na watu. Hapa nakaa kimya peke yangu. Ni kimya kingine hiki."

Tuulikki alitafuna mkate. Mzee naye alionja, akasema mikate ya dukani ni mikavu, marehemu mkewe asingempa hata mbwa. Tuulikki alikubali kwamba ni mikavu. Waliimaliza yote.

Alipokuwa akivaa koti alisema, "Jumatatu tunafungua saa nne."

"Na vitabu vya nje mnaruhusu?"

"Njoo nacho. Ila ukikisahau pale, nakiweka rafuni."

Jumatatu mzee alikuja na kitabu kwapani. Dirisha lake lilikwisha kuchukuliwa na chumba cha mazoezi, ikabidi Tuulikki na Henriikka wambebee kiti hadi karibu na magazeti, mahali ambapo baridi ya mlangoni huingia. Mzee alinung'unika mpaka adhuhuri, na kesho yake akarudi. Wanamazoezi walipomkaribisha ajiunge nao, aliwajibu kwamba vya kunyanyua alivimaliza msituni.

Kitoroli kiliendelea kujaa, na Tuulikki aliendelea kugonga muhuri. Lakini tangu hapo, akiingia mtu akaketi tu bila kutafuta chochote, Tuulikki hakumwendea tena kumuuliza amsaidie nini. Alimwamkia, akarudi kwenye kazi yake. Siku moja kazi yenyewe ilikuwa cherehani: mama mmoja alikuwa anaingoja, na sindano yake ilikuwa imevunjika.