Bastola ya Papa Gaspard

Mama Bertille alikuwa mwanamuke wa ndagala, vile visamaki vya ziwa. Alizikausha kwenye muchanga wa Kalemie, akazijaza magunia, akapanda nazo treni mupaka Nyunzu, na kutoka kule akarudi na mihogo. Tangu bwana yake afariki, hiyo njo kazi iliyolisha watoto. Lakini sasa watu wenye mapanga walikuwa wanamuvizia kule Nyunzu, njiani toka gare ya treni kwenda soko. Mara ya kwanza walichukua magunia. Mara ya pili walimukata hata bega. Akaapa hatapanda tena mikono mitupu.

Ndiyo sababu alikuwa amesimama kwenye lupango, uwanja wa nyumba ya Papa Gaspard, fundi wa bunduki za wawindaji. Mezani kulikuwa na bastola ya wakati wa Wabelgiji, nzito, mushikio wa mbao. Zamani ilikuwa inakula baruti na fataki, unashindilia kila tundu la kigurudumu chake kama unajaza kiko. Gaspard alikata kile kigurudumu chake kwa nyuma, akapanua matundu, na sasa inameza risasi nzima. Akamweleza kwamba ameshaijaribu: aliifunga kwenye kisiki, akajificha nyuma ya ukuta, akavuta kamba. Mama Bertille alisikiliza. Kiti alichopewa hakukikalia.

"Risasi za leo ziko na nguvu kupita baruti ya zamani," akasema. "Hiki chuma kinajua?"

"Mama sitwayeni, weye uza samaki. Chuma uniachie."

Wawindaji wa huku wana desturi yao: bunduki iliyogeuzwa, muuzaji anapiga wa kwanza, na mukono wake, mununuzi akiona. Mama Bertille akaidai. Gaspard akaleta maneno mengi, mara majirani watashituka, mara askari wa kambi watakuja, mara risasi zenyewe ni za kutafuta. Mama akasema yeye hana haraka.

Mwishowe Gaspard akatia risasi. Haikuingia vizuri, akaisukuma na kidole gumba. Akaielekeza bastola kwenye shina la mupapai. Kisha polepole, kama mutu anayetaka kujikuna tu, akaihamishia mukono wa kushoto, na uso akaugeuzia ukuta.

Mama Bertille aliuona ule wa kuume, mukono wa kushikia nyundo, unaenda kujificha nyuma ya mugongo.

"Papa Gaspard, shusha."

"Bado sijapiga."

"Nimeshaona. Mukono wa kazi umeuficha. Mimi yangu yote miwili ni ya kazi."

Gaspard akashusha. Akamuuliza, kwa sauti ya chini, sasa Nyunzu ataendaje. Mama akajibu hajui. Labda atangoja wenzake wa soko wapatane safari moja, wapite pale wakiwa kundi. Na kama hawatataka, atapita peke yake, maana watoto wanakula kila siku.

Akafunga kitenge, akatoka. Pale mulangoni akasikia Gaspard anagongagonga kile kigurudumu, taratibu, kwa woga. Risasi ilikuwa imekwama ndani. Mama Bertille hakugeuka, akaongeza mwendo.