Kasuku Hataki Mtu Afe

Mdogo wangu, wanayemwita Kasuku, kazi yake ni kutafsiri filamu papo hapo. Picha inacheza ukutani, yeye kashika maikrofoni anawasemea wote: majambazi, wachumba, hadi mbwa. Mimi nauza tiketi mlangoni, na mdomo wangu hauna breki, mnisamehe.

Tangu tumzike binti yake wa pekee, miezi mitano sasa, Kasuku hataki mtu afe. Jambazi kapigwa risasi tatu za kifua, yeye anasema, "Kazimia tu, jamani, anapelekwa hospitali." Mwanzoni watu walicheka. Baadaye wakaanza kuhamia ukumbi wa jirani. Nikamfokea, "We, utatuua njaa!"

Nyumbani ndiyo balaa. Mkewe akimtaja marehemu, yeye anatoka nje. "Msiba naubeba peke yangu, wifi," aliniambia. "Nimechoka. Jumapili narudi kwetu."

Jumamosi mchana wifi akaja ukumbini kuniachia ufunguo wa nyumba. Nikamsihi akae kidogo, akaketi benchi la nyuma. Siku hiyo tuliweka filamu ya watu wanaotengeneza filamu, na Kasuku hakuwa ameitazama kabla. Uvivu huo! Mle ndani ya filamu, mtoto wa kike akagongwa na gari. Kasuku akaanza, "Kazimia tu, ja..." Mara mwongozaji akapiga makofi, mtoto akanyanyuka, akafuta rangi nyekundu usoni, akaomba soda.

Kasuku akairudisha nyuma. Mtoto akaanguka, akanyanyuka. Akairudisha tena. Fundi viatu, bingwa wa kuzomea, akapayuka, "Kasuku, umemeza ulimi? Sema!"

Mara ya nne nilisimama nikamnyang'anye rimoti. Nikasita. Maikrofoni ilikuwa wazi, ukumbi mzima unasikia anavyohema.

"Huyu anaigiza," akasema, kwa sauti yake mwenyewe, si ya jambazi wala ya mchumba. "Wangu amekufa."

Loo, moyo ulinipasuka. Fundi viatu akavua kofia. Wifi akapita katikati ya mabenchi, akikanyaga miguu ya watu bila kuomba radhi, akamkumbatia mumewe. Ndipo kwa mara ya kwanza nikamwona mdogo wangu akimlilia mwanawe.