Viti vya Kuazima

Nimewaongoza wasomi wengi katika vijiji vya Tororo na Busia, upande wa Uganda, na wote walikuwa wakitafuta kitu kimoja, ingawa kila mmoja alikiita kwa jina lake. Walitaka kujua ni nani aliye rahisi kuumia. Mimi nilikuwa mtu wa njia tu. Niliwapeleka Mukuju, niliwapeleka Buhehe, nilipiga hodi, nilifukuza mbwa, nilitafsiri. Kazi hiyo niliipata kwa sababu nilimaliza sekondari, na kwa sababu nimezunguka mpaka lugha zote za mpakani zimenishika kama vumbi. Nimeuza mitumba Kisumu, nimepakia saruji Eldoret, nimekaa Juba miaka miwili ambayo hata leo siwezi kueleza nilikuwa nikifanya nini. Kila nilipokuwa huko niliiwaza Kirewa, kijiji chetu, na kila niliporudi Kirewa, wiki ya pili naanza kuulizia gari la kwenda kwingine.

Wasomi wenyewe hawakufanana. Wa afya walikuja na utepe wa kupima watoto mkono, juu ya kiwiko, na rangi ya utepe ndiyo iliyotoa hukumu. Wa mvua na ardhi hawakuwaangalia sana watu. Waliangalia mteremko na kijito, wakauliza maji yalifika wapi mara ya mwisho. Wa sheria waliuliza shamba limeandikwa kwa jina la nani, na wajane wakanyamaza kabla sijamaliza kutafsiri. Wa uchumi walihesabu mbuzi, mabati na viti. Kulikuwa na mmoja, mwanamume wa makamo, ambaye hakuwa na fomu yoyote. Alisema somo lake ni kufikiri. Tulipokuwa tumejibanza kwenye kibanda cha muuza chapati pale Mukuju, tukingoja mvua ipite, aliniambia kwamba kwao wanafundisha kuwa hakuna mtu asiye rahisi kuumia, kwa kuwa kila mtu ana mwili, na kila mtu anaishi kwa mikono ya wengine. Kisha akaniuliza, "Na wewe je?"

Nikamwambia mimi naonyesha njia tu. Akacheka, akaandika kitu kwenye daftari lake.

Shangazi yangu, dada ya marehemu baba, anaishi peke yake Kirewa katika nyumba ya udongo aliyoachiwa na mumewe. Ananiita "baba" kwa sababu nimepewa jina la baba yake. Mwaka huo ukuta wa nyuma wa nyumba yake, upande unakotoka mvua, ulikuwa umeachana na pembe. Ufa wake ulipitisha mkono wangu mpaka kwenye kiwiko. Kitanda chake kilikuwa hapo hapo chini yake. Mara mbili nilimwahidi kuusimamisha ukuta ule, na mara mbili mvua ilipoanza mimi nilikuwa upande wa pili wa mpaka. Aliuziba kwa magunia na matope, akaendelea kulala.

Basi nilifurahi nilipopangiwa kuongozana na binti mmoja wa uchumi, Mkenya, aliyekuwa akiandikisha kaya maskini zitakazosaidiwa kujenga kabla ya mvua za Machi. Nilimtumia shangazi habari kwamba kesho tunafika. Ndilo kosa langu la kwanza. Kwetu mgeni hakuti nyumba ilivyo, hukuta ilivyotayarishwa. Nilipofika alfajiri nilikuta ua umefagiliwa mpaka unang'aa, jogoo wa pekee amefungwa mguu, na shangazi amevaa gomesi, gauni lake refu la kanisani. Akanituma kwa jirani nikalete viti.

Jirani huyo ni mjane kama yeye, mcheshi, na ana viti vinne vya mbao vyenye vitambaa vya kushona kwa mkono. Kila nyumba ya upande ule inapopata mgeni, viti vile ndivyo vinavyotoka. Alinitazama nikivibeba, akasema, "Polepole na hivyo viti, bwana. Vimesoma kuliko mimi na wewe. Hakuna profesa ambaye havijamkalisha."

Nilivibeba mwenyewe, viwili viwili. Kitambaa kimoja shangazi alikitundika ukutani, kikafunika ufa wote. Kiliupendeza ukuta.

Binti wa uchumi aliketi kwenye kiti cha jirani, akanywa chai kwenye kikombe cha jirani, akauliza maswali yake kwa adabu. Hakunihitaji, kwani shangazi aliuza njugu soko la Busia miaka mingi na Kiswahili chake ni cha huko. Akamwambia, "Mimi iko sawa tu, binti yangu. Kula nakula, kulala nalala. Mungu iko." Binti akagusa simu yake kubwa mara nne akihesabu viti. Nilifungua kinywa, shangazi akanitazama, nikakifunga. Ningesema nini? Kwamba amemkaribisha mgeni vizuri mno?

Kutoka hapo tulikwenda kwa jirani. Viti vyake vyote vilikuwa kwetu, kwa hiyo alitukaribisha kwenye mkeka, akiomba radhi na kucheka.

Orodha ilisomwa kanisani baada ya ibada. Jina la jirani lilikuwemo, la shangazi halikuwemo. Watu walitoka nje wakishikana mabega kwa kicheko, maana wote walijua safari ya vile viti. Jirani hakucheka. Alikuja jioni na bakuli la njugu, akakaa kwenye kizingiti, akasema afadhali wangeandikwa wote wawili au asiandikwe yeyote. Shangazi akamwambia ale njugu zake. Nilipomlaumu kwa kuficha shida mbele ya watu waliokuja kuitafuta, alinijibu kwa sauti ya mtu aliyechoka kufundisha.

"Mtu wa kuhurumiwa ni yule asiye na mahali pa kuazima kiti. Mimi ninapo."

Nimekumbuka maneno hayo kuliko yote niliyoyatafsiri. Lakini ukuta haukuyasikia. Februari ilipokuwa inakwisha uliinama tena, na udongo ukawa unamwagika kitandani kila gari zito lilipopita barabarani. Nilishika shuka lake asubuhi moja nikalikung'uta nje, na mchanga uliotoka ungejaza kofia. Begi langu lilikuwa limefungwa tayari. Kuna mtu alikuwa ameniahidi kazi Nakuru.

Kisha zikaja habari kwamba waliosahauliwa wataangaliwa tena, na kwamba atakayekuja ni mama mmoja wa somo la ardhi na mvua. Mwenyekiti wa kijiji alinitaka nimngoje na kumtembeza. Nilingoja. Safari hii sikumwambia shangazi, lakini siri ina miguu mirefu Kirewa. Nilipoamka, ua ulikuwa umefagiliwa. Jogoo hakuwapo tena, tulishamla na binti wa uchumi, kwa hiyo shangazi alikuwa anachemsha mayai. "Baba," akasema, "kalete viti."

Nilikwenda. Jirani alikuwa ameshavitoa nje, amevipangusa. Nikakaa kwenye kimoja.

Akasubiri ninyanyuke, hakuona nikinyanyuka. Tukasikia pikipiki ya mgeni ikipinda kwenye njia ya shangazi, kisha ikazimwa. Jirani akasema, "Wamefika. Peleka viti." Nikamwambia ngoja nipumzike kidogo. Akaelewa, akaingia ndani akaanza kuosha sufuria iliyokuwa safi.

Nilikaa pale mpaka jua liliponifikia magotini. Niliporudi, mama wa ardhi alikuwa ameketi kwenye kigoda cha jikoni, cha pekee kilichokuwapo, na shangazi alikuwa ameketi chini, gomesi imekusanywa miguuni ili isishike vumbi. Nyuma yake ufa ulikuwa wazi, mwanga unapita. Mama yule hakuuliza mengi. Aliupima ufa kwa mkono wake, akatoka kuangalia mteremko, akarudi akaandika. Shangazi hakusema kwamba yuko sawa. Mayai yalibaki kwenye sahani, kwa sababu hapakuwa na meza ya kuyaweka na yeye hakuweza kumpa mgeni sahani ardhini.

Mgeni alipoondoka, shangazi alijiinua kwa kushika ukuta ule ule. Aliuliza bila kunitazama, "Viti vilikuwa wapi?"

"Nilichoka, shangazi."

"Ulichoka," akasema.

Ukuta ulijengwa wiki moja kabla ya mvua, wa matofali ya kuchoma, na kitanda kikarudishwa mahali pake. Analala pakavu. Watu walimpongeza, naye akawashukuru wote, akawapikia mafundi, akamtumia mama wa ardhi kuku kupitia kwa mwenyekiti. Mimi hakunishukuru wala hakunilaumu. Nakuru sikwenda.

Wasomi bado wanakuja, na bado nawatembeza. Wakipangiwa kufika kwake, shangazi hanitumi. Huenda mwenyewe kwa jirani, akarudi na kiti kimoja kichwani, akakiweka, akarudia kingine, mpaka vinne. Katikati ya njia husimama akashika kiuno. Nikiinuka kumsaidia, ananiwahi.

"Kaa, baba," ananiambia. "Umechoka."