Mfalme Aliyezikwa Chini ya Mto

Sikuota na sikuwa nimelewa. Ilikuwa mchana kweupe, huku mtoni, chini ya kijiji cha Ndalu, na wahusika nitawataja: Wekesa, na mkubwa wake anayejiita Pasta Jotham. Wakiudhika, waudhike.

Hao wawili walitutoa nyumbani Chwele, mimi na mdogo wangu Wanjala. Walisema kuna Mjerumani wa zamani alificha dhahabu chini ya mto. Tukaziba maji na magunia ya mchanga, tukayapitisha kando kwa mtaro, tukachimba pale pakavu.

Wanjala alipoenda kula, nilibaki shimoni peke yangu. Kuinua macho, naona mzungu amesimama ukingoni. Mrefu, nywele mpaka mabegani, amevaa ngozi na mkanda wa dhahabu. Jua linawaka, lakini yeye anachuruzika maji. Niamini.

"Hata mimi nilichimbiwa hivi," akasema. Lugha gani sijui, ila nilimwelewa. "Nilikuwa mfalme wa Wagothi. Niliiteka Roma."

"Roma ya Papa?" Mimi ni Mkatoliki, ningeuliza nini kingine?

Akasema watu wake waliuhamisha mto, wakamzika na mali yake, wakaurudisha. "Waliochimba waliuawa wote, wasije wakasema. Toka humo."

Nikapangusa jasho, hayupo. Pale aliposimama pamelowa.

Wanjala aliporudi nilimweleza. Alicheka mpaka akakaa chini. "Ati mfalme! Si ungepiga naye picha, bana? Wee brathe, jua limekuingia." Akashuka shimoni. Mimi nikapanda kwa kamba hadi ukingoni, nikamsihi twende nyumbani.

Mara jembe lake likagonga chuma. Lilikuwa sanduku. Wekesa na Pasta wakaja mbio, wakalivuta juu kwa kamba ile. Kamba haikurudi chini. Wekesa akachukua panga, akapasua magunia, gunia baada ya gunia. Nilimwona kwa macho haya. Nikaruka kumshika Wanjala mkono, maji yakatupiga sote wawili. Mimi yalinitupa nje na mguu umevunjika. Yeye tulimpata kesho yake.

Polisi waliambiwa magunia yalipasuka yenyewe. Pasta Jotham ndiye aliyeomba kaburini, akala na kuku wetu. Katekista ameniambia mfalme huyo alikuwepo kweli, zamani sana, huko Ulaya. Mimi sikuhitaji kuambiwa. Natembea na fimbo.

Sasa nasikia hao wawili wanatafuta vijana wa kuchimba, upande wa Bumula. Kijana, wakikuambia hata mama yako asijue unaenda wapi, mwambie mama yako.