Mtihani Usiolingana wa Mzee Rula

Mkuu wa kitivo cha uhasibu wanafunzi walimwita Mzee Rula, maana hakukubali mstari wa mkono mtupu. Ukipiga mstari chini ya jumla bila rula, karatasi inakurudia. Alikuwa mkali, lakini ukali wa kupendeka. Shati lake la kijivu alilivaa mpaka mkewe akamwambia, "Baba watoto, hilo nalo lipewe pensheni."

Mwaka wake wa kwanza wa ukuu alitunga mtihani. Swali la nne lilitaka urari, ule ukurasa ambao pande mbili za hesabu lazima zilingane. Wanafunzi arobaini walilinganisha. Mmoja tu, mama mtu mzima aliyesoma huku analea, aliandika: "Hazilingani. Nimerudia mara tatu." Akapewa sifuri, na sifuri hiyo ikamtoa chuoni.

Matokeo yalipobandikwa, mama yule akaenda moja kwa moja ofisini.

"Mwalimu, nionyeshe nilipokosea, niondoke na moyo mweupe."

"Kaa, mama."

Mzee Rula akajumlisha juu hadi chini, kisha chini hadi juu. Hazikulingana. Kodi ya pango aliiruka mwenyewe alipokuwa akitunga! Na wale arobaini? Kila mmoja alibuni tarakimu yake ya kuzibia pengo, naye kwa uchovu alitazama jumla tu, akatia vema.

Naibu wake akamvuta pembeni. "Mzee, mwongezee alama kimyakimya. Ukilisema hili umejivua nguo, na ukuu wenyewe hata haujakauka."

"Acha nivuliwe."

Akatoka, akayabandua matokeo mbele ya watu. "Nimekosea mimi. Na nyinyi arobaini mmenidanganya. Aliyefaulu ni huyu mama peke yake. Wengine mtarudia."

"Na wewe je, Mwalimu?" sauti ikatoka nyuma.

"Na mimi narudia kutunga."

Tangu hapo kila mtihani wake ulikuwa na swali moja lisilolingana kwa makusudi, na hakuna aliyejua ni lipi. Waliopita kwake, ofisi ziliwagombania.

Mama yule alimaliza, akabaki kufundisha palepale. Mzee Rula alipostaafu, mtihani akautunga mama, akampelekea mzee nyumbani auhakiki. Ukarudi na maneno pembeni, yamepigiwa mstari ulionyooka: "La tatu halilingani."

Akamjibu, "Najua, Mwalimu."

Mkewe anasema siku hiyo mzee alicheka peke yake barazani mpaka chai ikapoa.